Uniti Zinakwenda Wapi? Umeme wa Majumbani Masasi na Newala

Umeme unapoisha kabla ya siku zake, Masasi na Newala huwa na maelezo manne. Wa kwanza anasema mita inakimbia. Wa pili anasema bei imepandishwa kimyakimya. Wa tatu anailaumu nyumba: nyaya zimechoka, na umeme wenyewe ni mdogo. Wa nne, mara nyingi fundi, anaelekeza kidole kwenye friji. Kila mmoja ana mfano wa kumtetea, na kila mmoja anaweza kumtuma jirani akatumie fedha kwa tatizo asilokuwa nalo: kuhangaikia mita mpya, kubomoa ukuta ili nyaya zibadilishwe, au kuuza friji kwa bei ya kutupa.

Uchambuzi huu unayapima maelezo hayo moja baada ya jingine. Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na kuchanganya maswali mawili: nyumba inatumia uniti ngapi, na kila uniti inalipiwa shilingi ngapi. Anayepima kwa noti aliyonunulia umeme hawezi kujua kama kilichobadilika ni matumizi au ni bei.

Usuli: joto, korosho na laini ndefu

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, ikiliangalia bonde la Ruvuma. Baridi ya Juni na Julai huko humfanya mtu atafute maji ya moto ya kuoga. Masasi iko magharibi, chini ya uwanda, katikati ya vilima vya mawe, na joto lake la Oktoba na Novemba halina mzaha. Kwa hiyo miji hii miwili jirani ina njia mbili tofauti za kumaliza uniti: mmoja hutafuta joto, mwingine hulikimbia.

Miezi ya joto ndiyo pia miezi ya fedha. Minada ya korosho, inayopitia vyama vikuu vya ushirika, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa Newala na Tandahimba, kwa kawaida huanza Oktoba. Malipo yakiingia, friji, televisheni, sabufa na feni nazo huingia ndani. Matumizi hupandishwa na mambo matatu kwa mpigo: kifaa kipya, joto la msimu na wageni wa sikukuu. Anayelinganisha umeme wa Desemba na ule wa Agosti analinganisha nyumba mbili tofauti, ingawa mita ni ileile.

Jambo jingine la usuli ni safari ya umeme wenyewe. Kwa miaka mingi Lindi na Mtwara zilikuwa nje ya Gridi ya Taifa, zikitegemea mitambo ya Mtwara inayotumia gesi asilia ya Mnazi Bay. Umeme wa Masasi na Newala ulifika kwa laini ndefu za kilovolti 33, na laini ndefu ya kiwango hicho hupoteza nguvu njiani. Ndiyo maana lawama za umeme mdogo na za kukatika kwa umeme zina mizizi ya kweli hapa, hata pale zinapotumika kueleza jambo zisilohusika nalo.

Maelezo ya kwanza: mita inakimbia

Hoja hii ina nguvu yake. Mita ni mashine, na mashine huharibika. Kuna nyumba ambazo waya wa chumba cha duka, banda la uani au wa jirani umeunganishwa nyuma ya mita bila mwenye nyumba kujua. Mwaka 2024 shaka iliongezeka, pale wateja wa LUKU, yaani mita za malipo ya kabla, walipotakiwa kuboresha mita zao kabla ya Novemba 24 kwa kuingiza makundi matatu ya tarakimu 20. Wengi waliona tarakimu nyingi mpya wasijue zinafanya nini. Zoezi lile lilitokana na mabadiliko ya mfumo wa tokeni unaotumiwa na mita za malipo ya kabla duniani kote. Halikugusa bei wala namna mita inavyohesabu.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba mita mbovu haichagui mwezi. Mita inayohesabu kupita kiasi itafanya hivyo Agosti na Desemba, kwa taa na kwa pasi. Mita za kielektroniki za majumbani kwa kawaida huruhusiwa kukosea takribani asilimia 1 tu, na kosa la kiasi hicho halimalizi umeme nusu mwezi kabla. Mita inayokimbia msimu mmoja na kutembea msimu mwingine, uwezekano mkubwa ni kwamba inasema kweli. Vilevile hoja hii inapimika bila ubishi, kama tutakavyoona mbele.

Maelezo ya pili: bei na makato

Hapa kuna kweli nyingi kuliko TANESCO inavyopenda kueleza, ila si ile inayosemwa vijiweni. Bei zilizopangwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, Aprili 2016 zilidumu kwa miaka mingi. Kwa bei hizo, mteja mdogo wa nyumbani, kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi. Mteja wa matumizi ya kawaida, kundi la T1, hulipa shilingi 292 kwa kila uniti kuanzia ya kwanza. Juu ya bei hizo kuna kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya nishati vijijini (REA) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Kwa hiyo shilingi 100 huwa 122, shilingi 350 huwa 427, na shilingi 292 huwa takribani 356.

Chukua kaya ya D1 inayonunua umeme wa shilingi 20,000 kwa mkupuo. Shilingi 9,150 za kwanza zinaleta uniti 75. Shilingi 10,850 zilizobaki zinaleta uniti 25 na kidogo. Akinunua tena mwezi huohuo, kila noti ya 10,000 itampa uniti 23 tu, wakati alizoea kuona 75 kwa noti pungufu ya hiyo. Hakuna aliyemwibia, amevuka mstari.

Kuna mstari mwingine mzito zaidi. D1 ni kwa wale ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Wastani ukizidi, mteja hupelekwa T1. Kaya inayotumia uniti 80 ndani ya D1 hulipa 11,285. Uniti zilezile 80 ndani ya T1 ni takribani 28,500. Uniti 5 za ziada, zinazoliwa na friji moja kwa siku tatu au nne, zinaweza kuzidisha gharama zaidi ya mara mbili. Ukipiga hesabu hadi mwisho, mteja wa D1 anayelipa shilingi 350 kwa ziada bado ananufaika kuliko wa T1 mpaka afikishe uniti zipatazo 323 kwa mwezi. Ndiyo maana kuhamishwa kundi kunauma kuliko kupanda kwa bei.

Kisha kuna kodi ya jengo, iliyoanza kukatwa kupitia LUKU Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Asiyenunua umeme kwa miezi mitatu atakatwa 4,500 siku atakayonunua, na mpangaji asiyejua jambo hilo ataona uniti chache na kuilaumu mita.

Udhaifu wa maelezo haya ni kwamba hayaelezi ongezeko la uniti zenyewe. Bei haimalizi uniti, inamaliza fedha. Kaya iliyokuwa ikitumia uniti 2 kwa siku na sasa inatumia 4 haijaongezewa bei peke yake. Kuna kitu ndani kinachovuta.

Maelezo ya tatu: nyaya mbovu na umeme mdogo

Umeme unaovuja ni jambo la kweli na la hatari. Waya uliochubuka ndani ya ukuta wenye unyevu ukivujisha nusu ampea tu kwenye umeme wa volti 230, hizo ni wati 115 usiku na mchana: karibu uniti 2.8 kwa siku, zaidi ya 80 kwa mwezi. Kiasi hicho kinatosha kuitoa kaya D1 bila kifaa hata kimoja kuwashwa. Lakini nyumba yenye kifaa kizuri cha kukata umeme unaovuja, ambacho kwa kawaida hujizima mvujo ukifika miliampea 30, haiwezi kupoteza hivyo. Kwa kiwango hicho hasara haizidi uniti 0.2 kwa siku. Kwa hiyo hoja ya mvujo inaihusu zaidi nyumba ya zamani, iliyoongezewa vyumba na nyaya kidogo kidogo bila kinga.

Umeme mdogo ni suala jingine. Volti zikishuka, koili ya birika hupata moto polepole na hukaa muda mrefu zaidi. Uniti zinabaki karibu zilezile. Kwenye kompresa ya friji mambo ni mabaya zaidi. Mota huvuta mkondo mkubwa, hupata moto, na wakati mwingine hunguruma bila kuzunguka, ikitumia umeme pasipo kupoza chochote. Hasara kubwa hapo ni mota kuungua kuliko uniti kuisha. Na ile imani kwamba kukatika kwa umeme kunamaliza uniti haina msingi: friji lililozimwa kwa muda wa saa sita halikutumia kitu saa hizo, na kazi ya ziada linaporudi haizidi ile liliyoikosa.

Maelezo ya nne: vifaa vya joto na vya baridi

Hapa ndipo uniti nyingi zinapokwenda. Mwanga na sauti ni rahisi siku hizi. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa saa tano inatumia uniti 0.045. Televisheni ndogo ya wati 60 kwa saa sita haifiki uniti 0.4. Kinachokula umeme ni kila kitu kinachobadili joto.

Vifaa hivyo ni vya aina mbili. Ya kwanza hutengeneza joto kwa koili: birika, pasi, jiko la koili, hita ya kuogea. Hapo uniti 1 ya umeme hutoa uniti 1 ya joto, basi. Hita ya papo hapo ya wati 5,000, ikitumika dakika 10 kwa kila mtu katika familia ya watu wanne, inakula uniti 3.3 kwa siku, yaani 100 kwa mwezi. Hita hiyo peke yake inaitoa kaya ya Newala D1 katika msimu wa baridi. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 22 hadi 40 kunahitaji uniti 0.42, karibu nusu ya kile kinachotumiwa na mwogaji mmoja wa hita.

Aina ya pili haitengenezi joto wala baridi, inahamisha joto. Friji na kiyoyozi ni pampu za joto. Friji hulitoa joto la ndani ya kabati na kulimwaga kwenye nyavu za nyuma. Kiyoyozi hulitoa chumbani na kulitupa nje. Kwa uniti 1 ya umeme, mashine nzuri inaweza kuhamisha uniti 2 au 3 za joto. Lakini nguvu inayohitajika hutegemea tofauti ya joto kati ya inakotoa na inakopeleka. Wenyeji wa uwanda wa Makonde wanaijua kanuni hii kwa maji: maji yanayosukumwa kutoka visima vya bonde la Mitema hadi Newala hudai umeme kulingana na urefu wa mlima. Friji lililobanwa ukutani, kando ya jiko la mkaa, katika nyumba ya bati isiyo na dari, Masasi, Novemba, limeongezewa mlima.

Katika nchi za baridi za Ulaya, kama Norwei, mashine hiyohiyo imegeuzwa: inachukua joto la nje, hata katika baridi kali, na kulipeleka ndani ya nyumba. Wenye nyumba huko nao hushangazwa na bili, na sababu zinafanana na zetu: tofauti ya joto iliyo kubwa mno, mashine iliyopangwa vibaya, au koili ya akiba inayojiwasha pampu ikizidiwa bila mwenye nyumba kujua.

Kwa hesabu za kawaida, friji dogo jipya lililo salama hutumia uniti 0.6 hadi 1 kwa siku. Friji kuukuu la mtumba, lenye mpira wa mlango uliolegea na barafu nene, hufika uniti 2 au zaidi. Friza la kuuzia barafu na juisi linaweza kupita hapo kwa sababu kila asubuhi hujazwa maji ya uvuguvugu. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba, kinachovuta wati 1,000 hivi, kikiwashwa kwa muda wa saa nane usiku kinaweza kula uniti 5 au 6. Feni ya wati 70 kwa saa hizohizo ni uniti 0.56.

Udhaifu wa maelezo haya ni kwamba hugeuka kuwa lawama kwa mtumiaji. Friji la mtumba linanunuliwa kwa sababu ndilo fedha ya korosho inaloweza kulifikia, na ukubwa wa adhabu ya kuvuka uniti 75 si uamuzi wa mwenye friji.

Mizani: unachopata na unacholipa

Tuanze na friji. Linalotumia uniti 2 kwa siku linakula 60 kwa mwezi, linalotumia 0.8 linakula 24. Tofauti ya uniti 36 ndani ya T1 ni takribani shilingi 12,800 kwa mwezi, zaidi ya 150,000 kwa mwaka. Bei ya mtumba inaonekana nafuu dukani kwa sababu gharama yake iliyobaki inalipwa kwa LUKU. Lakini kwa anayeuza barafu, swali halali si uniti bali faida: friza likiingiza zaidi ya linachokula, kulizima ni hasara.

Jiko la umeme lina mizani ngumu zaidi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034. Sufuria la presha la umeme hupika maharage kwa nusu uniti hivi, wakati koili ya wazi huweza kula uniti 2 kwa kazi hiyohiyo. Kwa sufuria hilo kupika kwa umeme kunawezekana hata T1. Tatizo ni mstari. Kaya yenye friji la uniti 36 kwa mwezi, ikiongeza mapishi ya uniti 45, inafika 81 kabla ya kuwasha taa. Inayoitikia wito wa nishati safi inaadhibiwa na bei ya umeme.

Wapo wanaoutetea mstari huo, na hoja yao ina uzito: bei ya shilingi 100 ni nafuu iliyokusudiwa wanyonge, na mwenye kiyoyozi hastahili kubebwa na wengine. Sawa. Lakini uniti 75 haitofautishi tajiri na masikini vizuri. Wapangaji watatu wanaotumia mita moja, kila mmoja uniti 30, wanafika 90 na kulipa takribani 32,000 ndani ya T1. Wangekuwa na mita zao wangelipa 3,660 kila mmoja, jumla chini ya 11,000. Mita mbili za ziada mjini, kwa gharama ya kuunganishiwa ya shilingi 320,960 iliyotangazwa Januari 2022, zingejilipa kwa miezi 30 hivi. Mwenye nyumba ndiye anayetoa fedha hiyo na wapangaji ndio wanaonufaika, ndiyo maana jambo hili halifanyiki. Ngazi ya kati, kati ya shilingi 100 na 292, ingeondoa maporomoko hayo bila kumpa nafuu mwenye kiyoyozi.

Namna ya kujua kilicho chako

Mpangilio wa kupima ni muhimu kama vipimo vyenyewe. Kwanza andika uniti zilizobaki kila siku saa ileile kwa wiki moja, bila kutaja shilingi. Hapo utajua matumizi yako ya siku. Ukizidisha kwa 30 utajua uko upande gani wa 75.

Pili, zima na chomoa kila kitu, kisha itazame mita kwa nusu saa. Taa yake ikiendelea kupepesa wakati nyumba imelala, kuna mvujo au kuna mtu mwingine kwenye laini yako; hapo muite fundi mwenye leseni.

Tatu, ipime mita yenyewe. Juu yake kumeandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti 1, mara nyingi 1,000. Washa birika la wati 2,000 peke yake kwa dakika 3: uniti 0.1, yaani mipepeso 100 hivi. Umeme ukiwa mdogo, mipepeso itapungua kwa haki. Ikizidi sana 100 na kujirudia hivyo, peleka malalamiko TANESCO. Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kisheria la kuhakiki mita.

Nne, liache friji peke yake usiku mzima na uone linakula nini. Kabla ya kuliuza, lisogeze mbali na ukuta na jiko, yeyusha barafu, na bana karatasi mlangoni; ikichomoka kirahisi, mpira umekwisha, na mpira ni nafuu kuliko friji.

Kwa muhtasari

Mita mbovu zipo, lakini ni maelezo ya wachache, na yanathibitika kwa dakika tatu. Nyaya zinazovuja ni tatizo la nyumba kongwe, na zinastahili kushughulikiwa kwa ajili ya uhai kabla ya uniti. Umeme mdogo unaua friji zaidi ya unavyomaliza LUKU. Ongezeko la uniti kwa nyumba nyingi za Masasi linaanzia kwenye friji na kiyoyozi, na Newala linaongezwa na hita ya maji. Ongezeko la fedha, kwa upande wake, linatokana na mstari wa uniti 75 unaogeuza ziada ndogo kuwa mzigo mkubwa.

Kaya iliyo karibu na mstari huo irekebishe friji na hita kwanza, kisha iombe kurudishwa D1 wastani wake ukishuka. Kwa EWURA, mfumo unaowahimiza wananchi kupikia umeme na papo hapo kuwatoza karibu mara tatu wanapofanya hivyo unajipinga wenyewe, na unahitaji ngazi ya kati.